Daftari la Alama, Kirumba

Ukutani wameandikwa washindi tu.
Mimi nilishika daftari miaka kumi na minne,
basi niulize mimi.

Shigela Ng'wandu alianza na wanachuo watano wa Butimba,
barakoa za wavu wa kuanikia dagaa,
vitara vya mbavu za mwavuli,
nchani kipande cha mpira wa baiskeli.
Mfupi. Hakuvamia.
Alingoja mkono wako ukose subira,
kisha unasikia *tik* kifuani
naye ameshakuomba radhi.

Bhoke wa Musoma, fundi cherehani,
alitushonea makoti yote kwa turubai;
akikuchoma, hukagua kwanza mshono.

Odera wa Kisumu alipiga kelele kila alipogusa.
Alipokosa pia.

Halafu Nkwimba Luhende, mtu wa shoto,
mkunga wa zamu ya usiku,
aliyekuwa akishuka mawe ya Bugando viatu mkononi
na kulala dakika ishirini juu ya mkeka wetu
kabla hajamshinda mtu.

Mwaka wa fainali meli ilichelewa.
Kokutona wa Bukoba akaingia ukumbini
ziwa bado linamyumbisha magotini.
Mwamuzi akatazama saa.
Nkwimba akasema, "Anywe uji kwanza."
Tukangoja uji upoe.

Kumi na nne kwa kumi na nne,
umeme ukakatika.
Gizani: chuma juu ya chuma, pumzi,
soli ikiteleza kwenye saruji.
Taa ziliporudi mwamuzi alikunja mikono,
hakuona kitu, hatoi kitu.
Nkwimba akavua barakoa.
"Nimeguswa," akasema,
akaweka kidole ubavuni, hapa,
kama anavyowaonyesha wazazi wapya
mahali pa kumshika mtoto.

Niliandika. Wino uligoma mara mbili.
Kombe likapanda meli
limeviringishwa ndani ya khanga.

Siku hizi ukumbi unauza matairi,
lakini mwenye duka ameutaka ukuta upakwe upya
na majina yarudi.
Nimeyasoma yote, Kokutona naye, kwa haki yake.
Chini kabisa, bomba la maji linapoanzia,
nikasema: andika Luhende N., kumi na nne,
herufi kubwa zilezile.

Kijana akashusha brashi.
"Mshindi wa pili naye huandikwa?"
Nikamwambia, huyu ndiye aliyetuambia
nani ameshinda.

Akachovya rangi.
Akauliza kama Luhende ina h.