Kuteguka

Saa nne asubuhi, bado giza. Januari ya Akureyri.
Barafu ya njiani imeshanipa wagonjwa wawili,
vifundo vya mikono vimevunjika:
ukianguka, mwili hutuma mkono mbele,
na mkono ndio ulipao.

Wa tatu ameingia upande upande, kama kaa,
kashika kiuno, mguu wa kushoto anauburuta.
Fomu inasema Dagrún, miaka arobaini na miwili,
dereva wa basi la shule.
"Mpira wa mikono," anasema. "Wakongwe, Jumanne usiku.
Niliruka, nikajipinda hewani nirushe,
nikatua na mgongo wa mtu mwingine."

Sikuhitaji fomu. Nilikijua kidole,
kile cha mwisho, mkono wa kulia:
mpira ulikipiga nchani, kano ikakatika,
kikainama moja kwa moja.
Nilikiona kwa karibu
siku kilipofunga juu ya kiwiko changu.

Dakika ya hamsini na mbili. Tuko mbele kwa bao moja.
Mkono wangu uko juu, nyuma ya kichwa,
mpira umenata kwenye gundi ya vidole,
sijauachia bado,
akaukamata kwa nyuma. Akauvuta.

Bega ni chungwa juu ya kisahani cha kikombe;
hulijui hilo mpaka siku linapodondoka.
Wenzangu wanasema lililia ko!
Mimi nilisikia kimya,
kisha nikauona mkono wangu unaning'inia
mahali ambapo mkono hauna shughuli.

Kitendawili kikiteguliwa, watu hucheka.

Kocha Ketill alikuwa akisema timu ni viungo.
Basi nikawa si kiungo tena.
Walilirudisha. Likatoka nikivua sweta.
Likatoka nikijigeuza kitandani.
Mara ya nne nililirudisha mwenyewe, bafuni,
maji ya moto ya ardhini yakimwagika
na harufu yake ya mayai viza,
nimeuma taulo ili mama asisikie.
Ndipo nikaenda kusomea kazi hii.
Wenzangu huiita wito. Mimi naiita ukaidi.

Siku ile alinipa mgongo, akarudi golini kwao bila kugeuka.
Leo ananipa tena, kwa miadi.

Lala chali.
Nauinua mguu wake ukiwa umenyooka.
Nyuzi thelathini tu, anauma meno.
Diski imechungulia, namwambia, kati ya pingili za chini,
imebana mshipa wa fahamu;
ndiyo maana dole gumba la mguu lina ganzi.
Lisukume juu, mimi nizuie.
Nikaweka mkono. Ule ule.
Dole halikuweza kuuinua mkono,
mkono haukuweza kulilaza dole.
Tukakaa hivyo, dhaifu kwa dhaifu,
wala hapakuwa na refa.

Ningeweza kumwambia. Ulimi ulishapanda.
Miaka kumi na tisa nimelingoja neno moja,
nimelipangia sauti, mahali,
hata viatu atakavyovaa akilisema.

Lala kifudifudi.
Nikashuka pingili kwa pingili, kwa vidole viwili,
kama ashukaye ngazi gizani,
nikasimama pale alipoguna.
"Mikono yako ya baridi," alisema ndani ya mto.
"Samahani," nikasema.

Na neno likawa limeshatoka,
kwa mdomo ambao halikupangiwa.

Wiki sita usiruke. Usiiname kufunga kamba za viatu.
Kila kituo, shuka ndani ya basi, unyooke,
watoto wacheke wakitaka.
"Wewe uliwahi kucheza?"
Kidogo.
"Mkono gani?"
Huu.
Aliutazama, kisha akatazama dirisha,
kulikokuwa kumeanza kupambazuka, au labda ni taa ya gari.

Koti lilimshinda. Nikamshikia.
Akapenyeza mkono wa kulia,
kile kidole kikanasa kwenye bitana.
Nikauvuta mkono,
taratibu,
mpaka ukatoka upande wa pili.

Alhamisi, nikasema. Saa nne.