Tundu la Saba

Sikununua mshipi. Ningeweza:
pale Marikiti imejaa ya plastiki, inang'aa,
na muuzaji anakuapia kwa Mola wake
kuwa hii ni ngozi ya nyati.
Lakini nilikuwa nimechoka kuiona suruali ya Famau
imefungwa kwa ugwe wa pazia.

Nikashika njia hadi Mwembe Tayari,
kwa mshona viatu mmoja, Nzaro,
hirimu ya kitinda mimba wangu.
Akanikatia ukanda wa ngozi ya mgongoni
("Ya tumboni huvutika, mama,
kama siku za mpangaji kulipa kodi"),
akaniazima msharasi, shazia mbili, donge la nta,
na bizimu akanichagulia la shaba.
Chuma, alisema, hewa ya hapa hukila
kabla mwaka haujageuka.
Kuhusu mengine: "Utajua ukikosea."

Nilikosea.

Nilimpima Famau amelala,
nikiipitisha futi chini ya kiuno chake
kama mwizi mwenye adabu.
Thelathini na nne. Nikarudia.
Thelathini na nne.
Mwaka tuliooana nilimshonea suruali,
akavuta pumzi ndani, mashavu yamemtuna,
ili asizidi thelathini na nane.
Futi niliisoma sawa. Niliyoyaandika ukutani kwa mkaa
ni yale ya zamani,
na ndiyo niliyoyakata, kwa kisu cha samaki,
kisu kikipiga kona pasipo kona.

Ngozi ivute ili maji, walituambia.
Hii ilinifikia kavu, imekwisha kuamua umbo lake.
Na mimi nina miaka hamsini na tisa.
Nani kati yetu angemvuta mwenziwe?

Shazia mbili, uzi mmoja:
hii yaingia huku, ile kule,
zapishana ndani ya tundu moja bila salamu
kama wake wenza mlangoni.
Mishono mitatu ya kwanza ilikaa kama meno ya mtoto.
Wa nne nikajidunga,
damu ikazama kwenye ngozi, ikawa doa la kahawa.
Nikalipaka mafuta ya nazi. Likang'aa zaidi.

Bi Rukiya akachungulia dirishani:
"Wamfunga ng'ombe gani?"
Nikamjibu ng'ombe wangu ana miguu miwili
na anaumwa sukari. Tukacheka.
Kisha yeye akaacha kucheka.

Kingo nilizisugua kwa maji na kipande cha jinzi
mpaka kiganja kikaota joto.
Nikatoboa matundu matano, nikaongeza la sita,
na la sita nililitoboa pole pole,
kama mtu anayekubali jambo
asilotaka kulisikia likisemwa.

Alipouvaa, ulimi wa mshipi ulimpita ubavu
ukaelekea mgongoni kutafuta mwenyewe.
Tundu la sita, na suruali bado inateleza.
Famau akautazama, akanitazama.
"Huu ni wa Famau yule," alisema.
"Mwambie akija, umewekwa."

Akaomba msharasi.
Akaulaza mshipi juu ya kinu nilichokipindua,
akatoboa la saba mwenyewe, mkono ukimtetemeka.
Likaenda upande, nje ya mstari,
kama mtoto aliyetoka kwenye foleni.
Likamshika.

Sasa ni mwezi wa nne. Kila Jumatatu,
kabla ya kliniki ya Makadara, huuvaa.
Msharasi wa Nzaro ungali kwangu, sijaurudisha,
naye hauulizi.
La saba limeanza kurefuka, limekuwa umbo la yai.
Kumbe hata kavu huvutika,
ila kwa ndani, kwa kuvaliwa, bila maji.

Alfajiri mimi huwa jikoni, nakanda mahamri,
nimempa mgongo.
Bizimu hulia mara moja tu, likipata tundu.
Nalisikia.
Sigeuki kutazama ni lipi.