Ukuta wa Chumba cha Mama

Murdo, muuza mbao wa bandarini Dundee,
ana penseli sikioni na mafua yasiyokwisha.
"Ukuta wa ndani tu?" aliuliza. "Haubebi paa?"
Haubebi paa. Utabeba koti, kioo,
picha ya marehemu baba, na kikohozi.

Nikavuta ubao mmoja kutoka kwenye fungu,
nikafumba jicho la kushoto, nikauchungulia urefu wake
kama mtu anayelenga kunguru.
Umepinda. Wa pili una fundo kubwa
pale pale itakapopita skrubu.
Wa tatu ulitoa maji nilipouminya kwa ukucha.
Samaki mkunje angali mbichi, walitufundisha;
ubao ukiununua mbichi
utakukunja wewe.

Kumi na nne nilizipata, za msonobari,
nyepesi, bei ya watu wa zamu za usiku.
"Zilaze ndani kwanza," Murdo akasema, akipenga,
"zizoee joto la nyumba. La sivyo zitajinyonga ukutani."
Tukazilaza sebuleni, vijiti katikati zipumue,
tukawa tunaziruka kwenda jikoni.
Mgeni siku mbili;
ya tatu, mpe msumari.

Makame hulala mchana, usiku anaoka mikate ya watu.
Alitaka pamba nene ya kumeza sauti,
na bodi za jasi mbili mbili kila upande.
"Kuta zina masikio," alisema. "Huu tuuzibe."
Sikubishana. Nikainunua pamba, ghali kuliko mbao,
nikaishindilia kati ya nguzo na nguzo,
glavu mikononi, koo likiniwasha,

ila pengo moja,
la kando ya kitanda, atakapoweka kichwa.
Hilo nililiacha tupu. Bodi moja moja tu, nyembamba.
Nikapaka rangi. Makame akausifu mkono wangu.

Mama anafika Alhamisi, na upepo wa mto huu
haujui umri wa mtu.
Hajawahi kuniita usiku, hata homa ikimchoma;
hungoja kukuche, kisha husema, "Nililala vizuri."
Sitaki aniite. Nataka nimsikie akigeuka.

Jana nilijaribu. Nililala upande wetu,
Salha nikamweka upande ule, nikamwambia anong'one.
"Mama, umesikia?"
Nilimsikia hata kabla,
alipomeza mate.