Alichokifuta Wilmar

Miaka kumi na tisa nimesahihisha kwa kalamu nyekundu
kwenye meza ya jikoni, kibuyu cha yerba kikipoa kando,
kondoo wa jirani wakikohoa gizani.
Vema. Vema. Kosa.
Karatasi hunionyesha mtoto alipofika,
hainiambii alipita wapi, wala wapi alikaa akalia.

Mwaka huu wizara imetuletea vishikwambi
kumi na kimoja, idadi ya shule yetu nzima.
Vimefika Tacuarembó, kisha kwetu, kwa lori la maziwa.
Sikuvipenda, nisiseme uongo.
Nilidhani mgeni amekuja kuninyang'anya wino.

Jaribio la sehemu, swali la sita:
ng'ombe ishirini na wanne, robo tatu wameshakamuliwa,
wamebaki wangapi?
Wilmar Olivera, mwana wa mkamuaji,
koti jeupe la shule limemfupikia,
utepe wa buluu shingoni umekwenda upande,
kajibu: kumi na nane.

Ningepiga mkasi, nikalale.
Nikagusa kona ya kioo bila kukusudia,
kikanifungulia nyayo zake.
Sekunde ya tisa: sita.
Kafuta.
Sekunde ya thelathini: sita.
Kafuta.
Halafu dakika mbili, mbili nzima,
kidole hakigusi kitu,
kama mtu aliyefika mlangoni pa watu
akashindwa kupiga hodi.
Kisha kumi na nane.

Asubuhi nikamwita kando ya jiko la kuni.
"Ulijua ni sita."
Akatazama viatu.
"Lilikuja upesi mno, mwalimu.
Ya upesi huwa ya Ignacio. Mimi huwa nakosea."

Huwa nakosea!
Nani alimfundisha, kama si wino wangu?

Jioni nikafungua kabati, nikatoa karatasi zake za zamani,
nikaziinua moja moja dirishani.
Kumbe yalikuwamo:
vivuli vya risasi chini ya ufutio,
saba, kumi na mbili, theluthi moja,
mahali pengine karatasi imesuguliwa hadi ikatoboka.
Miaka mitatu nimepigia tobo mkasi.

Kisanduku cha wizara kinapokea namba tu.
Nimejaza namba.
Kisha nikatafuta kalamu yangu nyekundu,
nikamwandikia daftarini:
"La kwanza usilifute
mpaka unionyeshe."

Amesoma. Hakusema kitu.
Ameuchomeka ufutio mfukoni, si mbali sana.