Mtoto Mtulivu wa Fundi Bati

Nilikuwa najisifu, sitaficha.
Soko la Arua, mstari wa mafundi bati,
wanaume sita tunagonga tangu alfajiri,
karai, birika, koroboi,
na binti yangu Letaru amelala katikati yetu
juu ya gunia, kinywa wazi,
kama aliyelala chini ya maji.

Wateja walisema, huyu kazaliwa fundi.
Hajati Zamzam wa cherehani akasema,
wangu hushtuka hata jani likianguka,
wewe Ezati umepewa mtoto mtulivu.
Nami nikagonga kwa nguvu zaidi, ili waone.

Ili waone.
Neno hilo bado linanikereketa kooni.

Driciru, mama yake, aliona kabla yangu.
Alisema, nikimwita hageuki;
nikiingia na taa, anageuka.
Mama yangu akajibu, mjomba wake naye
alisema akiwa na miaka minne,
na leo nani anaweza kumnyamazisha?
Tukacheka. Mwaka ukapita ndani ya kicheko kile.

Siku ya chanjo, miezi kumi na minane,
Sista Akullu alimpa kijiko achezee,
akazunguka nyuma, akatikisa kopo la maharage.
Nililitambua kopo: kitako chake nilikiunga mimi.
Akatikisa kushoto. Akatikisa kulia.
Foleni nzima ya watoto wa watu ikageuka.
Letaru akaendelea kulamba kijiko.

Nikauliza, ni nyundo yangu?
Akasema, sidhani. Nadhani ile homa
aliyolazwa nayo wiki ya tatu. Apimwe.
Kisha, akifunga kopo:
Kilichopotea mpaka jana si kosa lako.
Kitakachopotea kuanzia leo, tutagawana.

Nami ni fundi, nilipaswa kujua!
Sufuria yenye tundu la sindano
ukiniletea leo, naiziba kwa tone la lehemu.
Ukiipikia miaka mitatu, ukisema itajiziba,
utaniletea kitako kisichopo.

Tuliuza mbuzi wawili na mashine ya kukunjia bati.
Basi likavuka Nile pale Pakwach, usiku,
abiria wote wakisinzia, mimi namnong'oneza
jina lake sikioni, njia nzima,
kama mtu anayebisha nyumba
huku akijua wenyewe wamo.

Kampala walimbandika nyaya akiwa usingizini.
Kwenye kioo, alisema daktari, wengine huchora milima.
Letaru alichora uwanda,
uwanda, uwanda,
mpaka sauti ilipopandishwa sana,
kikachomoza kichuguu kimoja.
Daktari akakigusa kwa kalamu. Hapa, akasema,
hapa ndipo tutakapoanzia.

Wakamimina uji wa waridi masikioni, ukaganda,
wakautoa. Nikaushika kiganjani.
Kalibu naijua nikiiona;
hii ilikuwa ndogo kama konokono wa bustanini.

Siku ya kuvishwa vifaa hakutabasamu.
Alilia.
Kisha akasikia kwamba analia,
akanyamaza kwa mshangao,
akajaribu tena, polepole,
kama anayeonja chumvi.

Usiniulize kama amepona.
Betri huisha kabla ya siku ya soko.
Kifaa kimoja alikitia kwenye uji, tukakianika juani
tukikilinda dhidi ya kuku.
Ana miaka miwili na nusu na maneno kumi na moja,
mtoto wa Hajati anayo yasiyohesabika.
Moja kati ya yake ni tusi, ameliokota sokoni.
Driciru alipolisikia alikaa chini
akamshukuru Mungu kwa tusi.

Sasa halali tena chini ya nyundo.
Nikianza, anakunja uso,
anavua kifaa kimoja, anavua cha pili,
ananiwekea kiganjani, anarudi kwenye gunia lake.

Siku nyingine hataki kuvivua.
Anasikiliza kitu, sijui nini, labda cherehani.
Basi nyundo ikiwa juu, namtazama kwanza.
Akitikisa kichwa,
birika la mtu litangoja.