Saa Tisa Usiku, Ibra

Mama akiulizwa na wageni mwanao anafanya nini
hujibu, "Yuko kwenye maji,"
nao hunihadithia mifereji yao isiyofunga,
nami husikiliza. Si uongo kabisa.

Kazi yangu ni kungoja Ibra ilale.
Mashine za kufulia zikinyamaza,
msikitini hajaja wa kutawadha,
maji yanayotembea saa tisa usiku
hayana mwenyewe.
Hayo ndiyo ninayoyasaka,
kwa mita sita na mlinganyo mmoja.

Chuoni niliandika kurasa themanini
kuthibitisha kwamba jibu lipo.
Hakuna aliyeniuliza liko wapi.
Hapa Yaarub amesimama na vijana wake,
mashine ya kuchimbia inanguruma:
"Wapi?"
Nikasema, kati ya mita ishirini na sitini
kutoka vali ya tatu.
"Kati!" akacheka. "Lami si chapati, bi mdogo,
uikunjue uikunje."

Nikataja arubaini na moja.
Wakachimba mpaka jua likapanda majabali.
Vumbi. Bomba kavu
kama mfupa wa shuwa siku ya tatu ya Idi.
Yaarub hakusema neno,
na neno hilo asilolisema
nililisikia wiki nzima.

Basi usiku mmoja nikaacha kompyuta,
nikaufuata mtaa kwa miguu.
Nyumba zote giza, ila dirisha moja:
Moidini, Mmalabari wa mikate,
mikono imezama kwenye unga hadi viwiko,
mfereji wazi, ndoo ya tatu inajaa.

Na mimi nilikuwa nimeandika,
mstari wa kwanza kabisa:
*tuchukulie kwamba watu wote wamelala.*

Nikamtia kwenye hesabu. Herufi moja tu, *m*,
inayoamka saa nane na nusu, inayopumzika Ijumaa.
Jibu likasogea mita kumi na saba,
likatua chini ya ukuta wa shule ya wasichana,
pale ambapo majani yalikuwa yamestawi kiangazi kizima
na kila apitaye akisema mashaallah.

Siku hizi grafu yangu ina kinundu saa tisa.
Mkuu mpya wa idara anataka nikisawazishe,
anasema kinaharibu mchoro.
Nimemwambia aje alfajiri akione,
na asile kitu kabla.