Ajenda Namba Sita

Mimi ni karani. Kazi yangu ni kuandika
nani kasema nini, saa ngapi, nani kamuunga mkono.
Kukohoa siandiki.
Usiku ule ningeandika kukohoa ningejaza daftari.

Ukumbi wa zimamoto, Alder Ford, Minnesota,
nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri,
makoti yamerundikwa juu ya gari la zimamoto,
watu mia na wanne katika mji wa watu mia tisa.
Hata kodi ya maji ilipopanda hawakuja hivi.

Ajenda namba sita: bendera.

Kwa asiyeijua: kitambaa cha samawati,
mto mweupe umekatiza katikati,
mlowezi kasimama ukingoni na shoka lake,
na miguuni pake mwenyeji wa asili, kapiga magoti,
hana uso.
Inapepea tangu mwaka wa hamsini na nane.
Tumepita chini yake tukienda kununua maziwa.

Merle Tveit alianza.
Mama yake ndiye aliyeishona, kwa cherehani ya kukanyaga,
akiwa na mimba yake yeye Merle.
"Mkiishusha, mnamshusha yeye."
Hakuna aliyejibu. Utabishanaje na marehemu?

Dwight Kessler, muuza vipuri vya matrekta:
bendera mpya ni dola elfu nne na mia mbili,
na Barabara ya Spruce ina shimo lililomeza ndama.
(Si kweli. Ndama alivunjika mguu tu.
Nimeandika alivyosema.)

Mwalimu wa sanaa akaonyesha michoro ya watoto:
theluji, mti, theluji tena,
samaki aliyevaa miwani.
Tukacheka, tukapata kupumua kidogo.
Kisha mtu wa nyuma akasema, "Mnafuta historia,"
na mwingine, "Ipi?"
na zogo likapanda hadi kofia za chuma zikatikisika ukutani.
Mwenyekiti akagonga meza kwa kikombe cha kahawa;
nyundo yake imepotea tangu Novemba.

Delphine Twocrow hakunyoosha mkono. Alisimama tu.
Ni muuguzi wetu; anajua presha ya kila aliyekuwa akipiga kelele.
"Yule ni babu yangu," alisema.

Kalamu yangu ikasimama.

"Alikuwa fundi bomba. Sinki la Bi Verna lilikuwa likivuja.
Akapiga magoti, kichwa ndani ya kabati.
Ndiyo maana hana uso: uso ulikuwa chini ya sinki.
Bi Verna alikuwa mezani na penseli, anatafuta umbo.
Alimlipa dola mbili na kipande cha pai ya tufaha.
Babu alikuja kujiona Julai, siku ya gwaride:
spana imeondolewa mkononi,
na mbele yake kasimamishwa mtu asiyemjua, ana shoka."

"Akafanyaje?" Merle aliuliza, koo limemkauka.

"Alicheka wiki nzima.
Baadaye tukiitaja alikuwa akitoka nje."

Merle aliitazama mikono yake kitambo.
"Sinki lile," alisema, "halijavuja tena hadi leo."
Hakuwa akimjibu mtu. Nimeliandika, sijui kama hoja au kama nini.

Kura: tatu kwa tatu.
Diwani wa saba yuko Arizona, anaota jua.
Imeahirishwa hadi Machi.
Watu wakafukua makoti, wakabadilishana glavu zilizochanganyika,
na nje kamba ikawa inagonga mlingoti,
ngo, ngo, kama mtu asiyejua kuwa hakuna mtu nyumbani.

Kwangu nilifungua sheria ndogo za mji, ibara ya pili,
panapoelezwa bendera:
*mwenyeji apigaye magoti mbele ya mlowezi.*
Karani anaruhusiwa kusahihisha tahajia,
koma iliyopotea, herufi iliyopinduka.
Zaidi ya hapo hapana.

Nilikaa na kalamu nyekundu hadi chai ikapoa.
Kisha juu ya mstari, kwa mwandiko wangu huu mbovu:
*fundi, kazini.*

Machi wataniuliza.
Nitasema ilikuwa tahajia.